Mufuko Yenye Odile Alilalisha kwa Filo

Ilikuwa ile mwaka unga ya Zambie ilikosekana, tukakula bukari, ugali yetu, ya muhogo mutupu, ile yenye inavutika mpaka unasema unatafuna ndala. Asubui muhogo, mangaribi muhogo. Mwenye alipata mahindi kidogo alipika na mulango ya kufunga, ili jirani asisikie arufu. Mboga ilikuwa fretins, zile samaki kidogo zenye zinakuangalia na macho mingi ndani ya sahani. Muntu ya Likasi akikuambia hakumbuki ile mwaka, ujue alikuwa anakula kwa siri.

Minye ninaikumbuka kwa muhogo, na kwa wivu.

Mweye bajukulu yangu, na mweye bengine benye munaanza kazi ya depo ku soko ya Kikula, muliniomba niandike namna kazi inafanyika. Nitaandika vile ninasema. Ku masomo nilitoka wakati nilijua kuandika jina yangu na kusoma jina ya bengine, na kwa kuchunga bintu ya bantu ile ilitosha. Depo yangu ilikuwa ya matofali, na mulango ya chuma yenye ilikuwa inalia kama mbuzi. Soko inafungwa, mama ya unga hawezi kubeba mifuko yake yote mpaka kwake, analeta kwangu. Fundi ya nguo analeta mashini. Bachimbaji ya Kambove banaleta mabare yabo, zile chuma ndefu za kuvunjia mawe, zimefungwa ndani ya mifuko. Bintu inalala kwangu, asubui inaamuka. Njo maana tunasema kulalisha. Na hata panya ya Kikula ilijua kwa Mama Astrida hawaingii bila ruhusa.

Kazi nilifundishwa na Mama Kapinga, mama moya mufupi ya Kasai, mwenye alikuwa anasema kidogo na kupiga mikono mingi. Siku ya kwanza alinipa mufuko, akaniuliza: "Iko nini ndani?"

"Mwenyewe alisema maharagi, Mama."

Akanipiga ku mukono. "Mwenyewe alisema! Weye unachunga maneno ao unachunga mufuko? Fungua. Mbele ya macho yake. Nusa. Kisha unafunga na fundo yako, hapana ya yake."

Niliona ni dharau kufungulia muntu mukubwa mufuko. Basi kijana moya akaleta mufuko kidogo lakini nzito kama marehemu, akasema ni misumari. Nikaona haya, sikufungua. Mama Kapinga alirudi, akausukuma na muguu, akaufungua yeye mwenyewe. Mawe nyeusi. Ya Shinkolobwe, kule uranium inatoka. Alinishika sikio mpaka inje, tukausukuma na fimbo ndefu mpaka ku mutaro, na ile juma yote hakuniachia kugusa chakula yake. "Ile mawe inakula bantu pole-pole," alisema, "na weye uliilalisha pembeni ya unga!" Kutoka ile siku, hata padri akileta mufuko, ninafungua.

Sheria ya pili ya Mama Kapinga: bintu inarudi ku mukono yenye iliileta. Hapana ku mukono ya ndugu yake, hapana ku mukono ya bwana yake. Kuna bwana moya alikuya kuchukua mashini ya kushona ya bibi yake, amevaa kravati ku shingo, anacheka na meno yote. Nikamukatalia. Alinitukana mpaka kravati ikageuka nyuma. Kesho bibi akakuya analia: bwana alikuwa amekwisha kupata mununuzi. Lakini mwenyewe wa kintu, akisimama mbele yangu na kusema nipe, ninatoa. Hata akiwa mulevi. Hata tukiwa tumegombana. Miaka yangu yote sikukatalia mwenyewe kintu yake, na ile njo ilikuwa jina yangu mu hii muji. Mushike ile, sababu njo iliniumiza.

Sasa Filo.

Filo alitoka Kambove, kwenye bwana yake anachimba, akafungua depo ngambo ya barabara, ikinitazama usoni. Alipaka mulango rangi ya bluu. Akaweka lampe ya jua juu yake. Kijana kunipita, meno meupe, muntu ya kanisa ya kuomba kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa muzuri, hata ile sikumusamehe. Mifuko alikuwa anapokea ya kufungwa. "Minye ninamuamini kila muntu," alikuwa anasema. Bachimbaji balipenda ile. Balianza kuvuka barabara na mabare yabo mbele ya macho yangu, na minye ninabasalimia na meno yenye yanauma.

Bachimbaji ningebaachia. Lakini Odile hapana.

Odile ni rafiki yangu tangu komunio ya kwanza. Tulivaa robe moya, yeye misa ya asubui, minye ya pili, ikiwa bado na jasho yake. Bwana yake Gaston alikuwa muntu ya mashini ku kazi, na muwindaji siku za kupumzika, ngambo ya Lufira, mbali kupita Koni. Akirudi na nyama, mukono ya kwanza ilikuya kwangu. Odile alikuwa na mudomo: akianza kucheka muntu ku soko, yule muntu anabadilisha njia mpaka Pasaka. Halafu Gaston akakufa, ya ugonjwa ya kifua, na mudomo ya Odile ikafungwa pamoja na sanduku ya maiti.

Mwanzo tulisema ni kilio tu. Kilio iko na wakati yake. Lakini hii haikutembea. Hakusuka nywele. Redio yake ikanyamaza. Alikuwa anaikala ku kitanda na viatu ku miguu, kama muntu mwenye anangojea gari. Nilipeleka chakula, nikakuta ile ya jana na inzi juu. Na siku moya nikakuta sahani moya safi, imekuliwa yote.

"Hii ya nani?"

"Maharagi ya Filo," alisema.

Maharagi! Ya Filo, mwenye anapika maharagi kama anazima moto! Filo alikuwa anakuya kila siku kuomba naye, anamushika mikono, anamuimbia. Nilirudi kwangu nikapiga sufuria yangu teke.

Kisha Odile akaanza kugawa bintu. Minye alinipa kikwembe, kitenge yake ile muzuri yenye ndege. Filo alimupa sufuria mukubwa ya harusi yake. Munisikilize hapa muzuri, sababu hapa njo akili yangu ililala: nilikasirika siku mingi juu ya ile sufuria. Nilikuwa ninapima kikwembe na sufuria, sufuria na kikwembe, na nani alipendwa kupita. Mwanamuke anagawa sufuria yake ya kupikia, na sikuuliza kesho atapika na nini! Mweye mukiona muntu mwenye huzuni anaanza kugawa, muache kuangalia nani alipata mukubwa. Muulize anagawa sababu gani. Mumuulize kwa mudomo, wazi-wazi, kama anawaza kujiua. Ile neno haimutie muntu wazo. Wazo iko mule ndani mbele ya weye kuuliza.

Nilikuya kujua kwa njia ya wivu. Nilikuwa nimepeleka fretins, Odile akazisukuma. Akasema: "Usiogope, Astrida. Sasa ninalala kidogo. Ile mufuko nilipeleka kwa Filo."

"Mufuko gani?"

"Bintu ya Gaston."

"Kwa Filo? Minye niko na depo tangu wakati ya mababu ya Filo, na weye unalalisha kwa Filo?"

Akaniangalia, na macho yake ilikuwa mbali sana. "Weye unafungua mifuko. Filo haulizi."

Kama ugonjwa haikumuguse, ningemupiga. Niliacha fretins pale, nikavuka soko nzima na kandambili moya imekatika.

Filo alikuwa ku kiti yake chini ya lampe yake, lampe imewashwa muchana! "Yaya Astrida, dada yangu mukubwa! Leo upepo gani inakuleta kwangu?"

"Ninataka kuona mufuko ya rafiki yangu."

"Rafiki yetu."

"Yangu. Yako ni ya juzi."

"Haya, Yaya, usipasuke. Ni mabare tu ya marehemu. Pale, na zingine."

Mufuko ilikuwa inalala kati ya mabare ya bachimbaji, ndefu kama zingine, imefungwa kama zingine. Kesho asubui kijana yoyote mwenye usingizi angeibeba mpaka Kambove, akisema ni yake. Niliinua. Sasa hapa njo kazi: bare ya chuma ni nzito sawa-sawa, huku na huku. Hii ilikuwa inalalia upande moya. Nikanusa. Chuma ya mugodi inanuka udongo. Hii ilinuka mafuta, ile ya mashini ya kushona, na nyuma ya mafuta, moshi ya zamani.

"Filo. Bare gani inapakwa mafuta?"

"Sijui, Yaya. Sikufungua."

Nikafungua. Bunduki mbili. Moya ya dukani, ya kuwindia, ile tunaita kalibre, Gaston alinunua wakati kazi ilikuwa inalipa. Ingine pupu, ile ya kienyeji yenye mututu ya bomba ya maji, ya baba yake.

Filo alimuita Yesu mpaka bauzaji ya nyanya bakageuka. Nikamufunga mudomo na mukono. Akarudi nyuma mpaka ku ukuta. "Toa, Yaya. Toa hii bintu kwangu. Polisi ikikuta hii, hata bwana yangu batamukamata kule Kambove, batasema ni majambazi. Alisema mabare! Alinishika mukono, akasema: chunga, Filo, ninaogopa mukono yangu mwenyewe. Minye nikawaza anasema juu ya zambi."

Ninaogopa mukono yangu mwenyewe. Ile neno alimupa Filo, minye hapana. Na Filo aliiombea, hakuisikia! Nilikuwa na baridi ku mugongo sababu ya Odile, ni kweli. Lakini sitabadanganya: pembeni ya baridi, kuna kintu ilikuwa inacheza ndani yangu.

"Nitachukua," nilisema. "Odile ni wa kwangu."

"Chukua, Yaya. Chukua hata mufuko."

Nilivuka barabara na ile muzigo ku bega, kifua mbele, kama muntu mwenye ameshinda tombola. Nilikuwa nimeshinda gereza.

Niliificha nyuma ya makayabu, samaki ya chumvi, sababu pale hakuna muntu anaweka pua. Na asubui, bintu ikiwa bado inatoka, bauzaji beko kwa mulango, Odile akakuya. Amefunga kichwa na kitambaa nyeusi. Alikuwa amepita kwa Filo kwanza, Filo akamuonyesha kwangu.

"Nipe mufuko yangu, Astrida."

"Unataka kufanya nini nayo?"

"Ni yangu."

Ilikuwa yake. Mukono ilikuwa ile yenye iliileta ku depo. Mama Kapinga angesema toa. Lakini niliangalia ile mukono: kucha ndefu, ngozi imekauka, haitetemeki hata kidogo. Odile mwenye alikuwa anatetemeka akimenya kitunguu! Sufuria yangu ya muhogo ilikuwa pembeni, bado moto. Sikutafuta maneno, ilitoka yenyewe:

"Sitakupa, Odile. Leo hapana. Ikala, tukule."

Hakuikala. Aligeuka kwa bantu, na ule mudomo yenye ilikuwa imenyamaza tangu maziko ikafunguka yote mara moya. "Bamama! Mukuye muone! Astrida anakula bintu ya mujane! Gaston angali mubichi mu udongo, Astrida amekula bintu yake!"

Mama ya unga akauliza: "Iko nini mu ile mufuko, Mama Astrida? Sema basi."

Ningesema nini? Bunduki? Mu soko, mbele ya masikio yote ya Kikula? Nikamuangalia Odile. Odile akaniangalia. Yeye pia ile neno hakuweza kuitaja.

"Bintu ya bwana yangu," alisema.

"Basi mupe!" bantu bakasema. "Mupe, Mama! Bintu ni yake!"

"Sitakupa, Odile. Leo hapana. Ikala, tukule."

"Hata anamucheka!" muntu akapiga kelele. "Anamuibia na kumualika ku meza!"

Odile akasogea mpaka nikasikia pumuzi yake. Akasema pole-pole, kwangu peke yangu: "Filo angenipa."

Ngambo ya barabara Filo alikuwa amesimama ku mulango yake ya bluu, anaangalia miguu yake. Na mama ya unga akaanza kutoa mifuko yake moya-moya. Nyuma yake fundi ya nguo na mashini. Jina yenye nilijenga tangu titi yangu ilikuwa juu, ilikuwa inavuka barabara ku kichwa ya bantu, inaingia kwa Filo. Niliikala mbele ya mulango yangu, mugongo ku chuma, nikakula muhogo peke yangu. 

Muchana nikaenda kwa Nicole, muke ya mutoto yangu, mwenye anaandikia avoka moya, wakili ya ku muji. Nilimuelezea yote. Nicole hana maneno mingi.

"Mama, permi, karatasi ya ruhusa ya ile kalibre, iko na jina ya nani?"

"Ya Gaston."

"Na Gaston eko wapi?"

"Ku makaburi, unajua."

"Basi permi nayo iko ku makaburi. Ni ya muntu, haiko ya nyumba. Odile hana haki kuishika, Filo hana, weye hauna. Na pupu haikuwa na karatasi hata siku moya. Mwenye banamukuta nayo, njo anajibu."

"Lakini niliichukua kwa roho muzuri!"

"Roho muzuri utaieleza mbele ya juji. Polisi ku mulango hawaulizi roho."

"Na nikimurudishia?"

"Unamupa bunduki muntu asiye na permi, na unajua kichwa yake iko namna gani. Sheria itasema yake. Weye utasema nini mbele ya sanduku?"

"Na nisipomurudishia?"

"Anaweza kukushitaki. Abus de confiance: muntu alikuwekea mali, unakatala kurudisha."

"Basi kila mulango ni gereza!"

"Kuna moya. Muende mweye benyewe ku polisi, mbele ya beye kukuya. Usibebe ile bintu tena mu barabara, usiiguse, usijaribu kuifungua. Museme iko wapi, bakuye kuitoa. Odile akuwe pale, ni mujane ya mwenyewe. Na Filo, aseme ilianzia wapi, kama sivyo batasema weye ulinunua."

"Filo hapana."

"Filo ndiyo, Mama."

"Na batanifunga?"

Nicole akanishika bega. "Sikuahidi kintu."

Nilivuka ile barabara kumuomba Filo. Mweye hamuivuke siku moya namna ile. Depo yake ilikuwa inajaa bintu ya bantu yangu, nikapita katikati yao kama mugeni.

"Ninaogopa, Yaya," Filo alisema. "Acha nikuombee tu."

"Utaniombea njiani."

 Kisha akafunga mulango yake, na kikwembe ya kazi, bila kubadilisha, akatangulia mbele. Tukapita kwa Odile. Minye nilinyoosha mukono, Odile akageuza uso ku ukuta. Filo alinyoosha mukono, Odile akasimama. Tukaenda vile: beye mbele, bameshikana kama ndugu, minye nyuma kama mubeba muzigo yao.

Ku polisi, Komanda alituikalisha ku banc, kiti ndefu ya mbao, mpaka jua ikageuka. Alikuwa muntu ya miwani, hana haraka. "Nani alikuwa na silaha?"

"Minye," nilisema. Na nilikuwa tayari: nitasimama peke yangu, Odile ataona nani ni rafiki.

"Ilianza kwangu, Komanda," Filo akasema. "Alinipa minye. Alisema anaogopa mukono yake. Minye sikuelewa. Yaya njo alielewa."

Kama angenyamaza, angebaki safi. Hakunyamaza. Hata ile ushujaa yangu aliigawa katikati, akanipa kipande mukubwa, na nikakasirika tena.

Balienda nasi ku depo na polisi mbili. Kijana moya akatoa kalibre nyuma ya makayabu, akaelekeza mututu chini, akaikunja katikati, vile inafunguliwa. Ndani ilikuwa na risasi. Moya. Aliishika ku vidole, nyekundu, kama dawa ya mutoto. Minye nilikuwa nimebeba ile ku bega kati ya bantu, mututu ku sikio yangu. Lakini sikuwaza ile. Hakuna mwenye aliwaza ile. Gaston alikuwa anatoa risasi mbele ya kuingia nyumbani, siku zote, hata Likasi nzima ilijua. Basi hii risasi Gaston hakuiweka.

Odile akaikala chini, ku vumbi ya makaa, na akalia. Ile njo kilio yenye tulingojea.

Komanda alinipeleka tena ku polisi, akanishika mpaka mangaribi, akinirudisha ku maswali yale-yale. Filo akaniletea bukari. Ilikuwa ya mahindi! Sijui aliitoa wapi. Nilikula bukari ya Filo ku banc ya polisi, na ilikuwa tamu, na nilichukia kila tonge. Kisha Komanda akaniachia, akasema nitarudi akiniita, na aliniita mara mingi. "Mama," alisema, "kama ningekukuta nayo, weye haujakuya mwenyewe, ungelala hapa. Rafiki yako angekuwa muzima, na weye ungelala hapa." Nikamujibu ya kwamba ile hesabu ilikuwa sawa kwangu. Mbele ya polisi nilikuwa na majibu muzuri.

Mutoto ya Odile alikuya kutoka Kolwezi, akamupeleka kwa daktari ya mawazo. Dawa, na kuongea, na dawa. Ilienda pole-pole, kama bukari ya muhogo ku koo. Na Odile hakuongea na minye, huyu Astrida. Akiniona anapita upande ingine. Muchana anaikala kwa Filo, chini ya lampe, banamenya maharagi pamoja, na siku moya nikasikia kicheko yake, ile ya zamani, inatoka ku mulango ya bluu. Niliingia ku giza ya depo yangu, pembeni ya mifuko kidogo yenye ilibaki, na sikujua kama ninamushukuru Mungu ao ninamushitaki.

Sababu maharagi ya Filo hayawezi kuponyesha muntu, nilianza kupika. Ninapika kwangu, ninavusha barabara chini ya kitambaa, Filo anaweka mu sahani yake. "Usimuambie ni yangu," nilimuambia, "atakatala." Odile alikuwa anakula yote. Anapangusa sahani na kidole. Ninamuona kutoka ngambo, anasema: "Filo, mukono yako!" Na Filo anatazama chini. Mukono ilikuwa yangu, bajukulu. Hii, yenye inaandika.

Bantu balirudi kwangu pole-pole. Mama ya unga alirudi wa kwanza, bila kuomba radhi, na mifuko tatu kama shahada. Sasa magoti yangu imekatala, depo iko na Nicole, mweye munapiga mifuko picha na telefone, muzuri. Lakini telefone hainusi. Mufungue. Na muntu mwenye roho imezimika akiwaletea ile kintu, musiifiche nyuma ya makayabu kama minye. Musimurudishie. Mutafute mwenye mamlaka ya kuishika siku ileile, na mutafute daktari ya muntu. Batawaita bezi ku soko nzima. Muikale pale.

Hii mwaka unga iko mingi. Jumapili imepita nilipika bukari nyeupe, na fretins na nyanya chungu. Odile akakuya ku lupango, kiwanja ya nyumba yangu, peke yake, amesuka, amenenepa. Ni miaka hakuingia pale. Aliikala bila kuambiwa, akakula, akapangusa sahani na kidole.

"Nilijua," akasema. "Filo hajui kuweka nyanya chungu."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu sahani ya kwanza. Nilikuwa na hasira, sikuwa na wazimu ya kukatala chakula yako."

Nikamuambia: "Na mukono ya Filo uliisifu sababu gani?"

"Ili uumie." Akacheka, mwizi huyu. Kisha akaacha kucheka. Akaangalia mikono yake. "Astrida. Daktari anasema ile kintu inaweza kurudia. Inalala, lakini inaweza kuamuka. Ikiamuka, na nikuye tena ku mulango yako, niombe kintu yenye sipashwi kushika, nikutukane mbele ya bantu. Utafanya nini?"

"Sababu gani unaniuliza minye? Muulize Filo. Munaikala naye kila siku."

"Filo angenipa," alisema.

Na ile neno, yenye nilibeba ku roho kama mwiba tangu ile asubui, iligeuka mbele ya macho yangu, nikaona mugongo yake: weye haungenipa. Nilishika sahani yake. Niliijaza tena.

"Basi nijibu," alisema. "Nipe mufuko yangu, Astrida."

"Sitakupa, Odile. Leo hapana. Ikala, tukule."